Ziwa Zima Ndani ya MB Moja na Nusu

Jioni moja nilikuwa ukingoni mwa Ziwa Jipe, upande wa Mwanga, nikapiga video ya dakika moja kwa simu. Jua lilikuwa linazama nyuma yangu juu ya Milima ya Upare, na mwanga wa mwisho ulikuwa umeangukia magugumaji yaliyofunga maji hadi mtumbwi ukawa unapita kama kwenye kichochoro. Nilitaka kaka yangu aliyeko Dar es Salaam aone jinsi ziwa linavyomezwa. Nikamtumia kwa WhatsApp. Akajibu: "Mbona maji siyaoni? Naona uji wa kijani tu."

Iliniuma. Usiku nikashika kalamu. Fremu moja ya video ya kawaida ina nukta 1920 kwa 1080, kila nukta hubeba baiti tatu za rangi, na kila sekunde hupita fremu 25. Ukizidisha unapata MB 155 kwa sekunde, zaidi ya GB 9 kwa dakika. Kwa bando ninalonunua, dakika hiyo moja isingetoka Jipe. Kilichomfikia kaka hakikufika MB 10. Karibu kila kitu kilikuwa kimeachwa njiani, na bado alitambua rangi ya kijani. Tangu usiku ule nimekuwa nikikusanya rekodi za kazi hii ya kubana, na hizi ndizo zilizonikaa moyoni.

Kigumu kuliko vyote kubanwa

Nilikuwa nimekichagua mwenyewe bila kujua. Programu ya kubana video haitumi kila fremu nzima. Hutuma moja kamili, kisha kwa zinazofuata hueleza tu kilichobadilika: kipande hiki kimesogea kushoto, kile kimebaki palepale. Mlima uliotulia ni rahisi mno, hutajwa mara moja ukaachwa. Magugumaji kwenye upepo ni kinyume chake. Maelfu ya majani yanatikisika kila moja kivyake, na chini yake maji yanametameta. Hakuna kipande ambacho programu inaweza kusema "kama kilivyokuwa". Biti zinapokwisha, hulainisha majani yote yakawa doa moja. Uji wa kaka ndio huo.

Watengenezaji wa kodeki, yaani programu hizo za kubana, wanalijua tatizo hili, ndiyo maana kila kizazi kipya hujitahidi kupata ubora uleule kwa karibu nusu ya biti: H.264 ya mwaka 2003, HEVC ya 2013, AV1 ya 2018, VVC ya 2020. Chini ya familia hiyo, na chini ya picha za JPEG tunazotumiana kila siku, kuna hesabu iliyozaliwa kwa Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa akifundisha Kansas. Mwaka 1972 aliomba fedha za kuifanyia utafiti akakataliwa. Akaendelea hivyohivyo, na mwaka 1974 yeye na wenzake wawili wakaichapisha. Kama kuna hesabu iliyobana picha nyingi kuliko zote duniani, mimi naipa nafasi hiyo.

Picha nafuu kuliko zote za Jipe

Hii ilinishangaza kuliko nyingine. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza ikiwa imerushwa Juni 2015, hupita juu yetu zikipiga picha ambazo nukta moja ni mraba wa mita 10 ardhini. Jipe ina ukubwa wa kilomita za mraba 30 hivi. Piga hesabu: ziwa zima ni nukta 300,000. Kila nukta hupimwa kwa biti 12, na kwa rangi tatu jumla yake ni MB 1.35, kabla hata ya kubana chochote. Selfi moja ya simu nzuri hula zaidi ya hapo.

Picha hizo ni bure kwa yeyote. Tabu yake ni kwamba hutolewa kwa mraba mkubwa wa zaidi ya kilomita 100 kila upande, umebanwa kwa JPEG 2000, na bado faili ni mamia ya MB. Ndani yake mna Same, mna Tsavo ya Kenya, mna mawingu. Lakini tovuti ya Copernicus inayotoa picha hizo hukuruhusu kukata kipande unachokitaka kabla ya kupakua. Nilipokata Jipe peke yake, bando halikutikisika, na magugumaji niliyaona wazi yakiwa mkanda wa kijani, maji yakiwa meusi katikati. Kaka naye akayaona. Kabla ya kutafuta programu ya kubana, kata usichokihitaji. Sijakutana na kodeki iliyonipunguzia MB nyingi kuliko mkasi.

Zanzibar walielekea upande wa pili kabisa. Kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, COSTECH na Benki ya Dunia walirusha droni kupiga picha visiwa vyote, zaidi ya kilomita za mraba 2,300, kwa nukta ya sentimita 7 hivi. Hesabu yangu inatoa nukta zipatazo bilioni 470. Bila kubana, ramani ya namna hiyo haiwezi hata kufunguliwa kwenye kompyuta ya ofisi ya shehia.

Mwanafunzi aliyempita mwalimu

Mwaka 1951, Robert Fano wa MIT aliwapa wanafunzi wake chaguo: wafanye mtihani wa mwisho au waandike insha kutatua swali moja, namna bora kabisa ya kuzipa herufi alama fupi. Hakuwaambia kwamba yeye mwenyewe na Claude Shannon walikuwa wamelihangaikia bila kufika mwisho. David Huffman alikuwa karibu kukata tamaa, kisha akaona kwamba kazi ianzie kwenye herufi adimu, ipande kuelekea zinazotumika sana. Jibu lake lilichapishwa 1952 na bado limo ndani ya karibu kila faili la zip na karibu kila JPEG.

Nililijaribu kwa Kiswahili. Chukua sentensi "maji ya ziwa yanapanda". Pamoja na nafasi kati ya maneno ina alama 22, na kompyuta huihifadhi kwa biti 176. Hesabu *a*: ziko saba. Katika lugha yetu *a* ndiyo inayoongoza, inafunga vitenzi, inafunga nomino, inajaza viambishi. Kwa njia ya Huffman *a* inapewa biti mbili tu, na herufi zilizojitokeza mara moja, kama *z* na *d*, zinapewa nne au tano. Jumla inatoka 69. Unatakiwa pia kumpa mpokeaji jedwali la alama, lakini kwa kitabu kizima jedwali hilo ni tone. Samuel Morse na wenzake walipotengeneza alama zao waliipa *e* nukta moja, maana walikuwa wakiandika Kiingereza. Mtu wa kwetu angeipa *a*.

Nusu ya pili ya zip ni ya Abraham Lempel na Jacob Ziv, Waisraeli wawili waliofariki wote 2023, wiki chache wakipishana. Wao mwaka 1977 walisema: usirudie, onyesha. Tazama "walikuja walikaa walikula". Ukifika neno la pili, andika tu "rudi nyuma herufi 9, nakili 5". La tatu, "rudi 17, nakili 6". Lugha yenye wali-, tuna- na wata- kila mstari ni kama ilitungwa kwa ajili yao. Phil Katz alizifunga mbinu za namna hii katika zip mwaka 1989, na dunia haijaachana nayo.

Bomu dogo kuliko yote

Kuna faili liitwalo 42.zip, lina KB 42, pungufu ya picha ndogo ya pasipoti. Likifunguliwa tabaka kwa tabaka hutoa petabaiti 4.5, yaani GB milioni nne na nusu. Ndani hamna kitu, ni alama ileile imerudiwa, na marudio hubanwa kwa urahisi mno. Mbinu ya kawaida ya zip haiwezi kupunguza zaidi ya mara 1,032 kwa tabaka moja, lakini mwaka 2019 David Fifield alionyesha kwamba mafaili yanaweza kuegemeana humohumo, MB 46 zikatoa petabaiti 4.5 kwa tabaka moja tu. Ndiyo maana faili la zip lililotumwa na mtu usiyemfahamu halifunguliwi, hata liwe dogo namna gani.

Upande wa wema kuna tuzo ya Marcus Hutter, iliyoanzishwa 2006 na kuongezwa 2020 hadi euro 500,000. Kazi ni moja: chukua baiti bilioni moja za mwanzo za Wikipedia ya Kiingereza, uzibane bila kupoteza hata nukta. Mwaka 2024 Kaido Orav na Byron Knoll walizishusha chini ya milioni 111, pamoja na programu ya kuzifungulia. Hutter anashikilia kwamba ili ubane maandishi hivyo lazima uyaelewe, ujue neno gani linakuja. Namwamini. Ningefurahi sana kuona shindano la namna hiyo kwa Wikipedia ya Kiswahili, maana litawalazimisha vijana wetu wa programu kuifundisha mashine ngeli za nomino.

Nyingine kwa haraka

Waya wa kwanza wa simu za maandishi ulifika Zanzibar 1879 kutoka Aden. Ulilipishwa kwa neno, na wafanyabiashara wa enzi hiyo walitumia vitabu vya misimbo ambamo neno moja lilibeba sentensi nzima ya bei na meli. Ni kubana kwa zamani kabisa ninakokujua kwenye mwambao huu kunakopimika kwa fedha.

Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika Mashariki kuanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, sisi wa Kilimanjaro tukafikiwa miezi michache baadaye. Masafa yaliyobeba stesheni moja yakabeba kundi zima, kwa sababu zilibanwa. Na jina tulilokipa kisanduku kile, king'amuzi, ni sahihi kuliko la lugha nyingi: kinapokea kilichofumbwa, kinaking'amua.

Huko Serengeti, kamera 225 zilizofungwa tangu 2010 zimeacha mkusanyo wa picha milioni 7.1 kwa misimu 11. Karibu robo tatu hazina mnyama. Mara nyingi ni nyasi zilizotikiswa na upepo. Nilipolisoma hilo nikayakumbuka magugumaji yangu.

Na pale data zinapoishinda laini, kuna njiwa. Septemba 2009, Afrika Kusini, njiwa aitwaye Winston alibeba kadi ya GB 4 hadi Durban. Kwa jumla, pamoja na kupakua, ilichukua saa mbili na dakika saba kasoro sekunde chache. Laini ya intaneti, katika muda uleule, ilikuwa imevusha asilimia 4. Hata picha ya kwanza ya shimo jeusi ya Aprili 2019 ilitengenezwa kwa data za petabaiti 5 hivi, zilizosafirishwa kwa ndege zikiwa kwenye diski.

SMS yenye hasara kuliko zote

SMS ina baiti 140, lakini hubeba herufi 160, kwa kuwa kila herufi imebanwa katika biti 7. Kiswahili kinaenea humo bila tatizo. Isipokuwa kwenye ng'ombe. Kile kikoma cha juu, kikiwa kimesimama wima, hakina shida. Lakini ukiandika ujumbe kwenye kompyuta, programu hukipinda kikawa ’, na hicho hakimo kwenye orodha ya herufi za biti 7. Papo hapo ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine na nafasi inashuka hadi herufi 70. Kikundi cha wafugaji kinachowatangazia wanachama mia mbili chanjo ya ng'ombe kinaweza kulipia SMS mara mbili au tatu kwa ajili ya alama moja iliyopinda. Emoji hufanya vilevile.

Kuhusu video yangu, niliituma tena baadaye kutoka Same kama dokumenti, ambapo WhatsApp haigusi ubora. Nilikuwa nimeipunguza kwanza kwa HandBrake, programu ya bure, nikachagua mwenyewe biti ziende wapi: fremu ndogo kidogo, majani yabaki makali. Maandishi na majedwali nayabana kwa 7-Zip ya Igor Pavlov. Picha na video siziweki kwenye zip nikitarajia nafuu, maana zimekwisha kubanwa tayari. Ile ya asili haifutwi kamwe, kwani uji haurudi kuwa majani.

Ujumbe mfupi kuliko wote

Ilinibidi nirudi Jipe kuuona. Asubuhi, shangazi aliyenipokea alikuwa anachambua mboga uani, simu ndogo ya batani ikiwa juu ya kinu. Ikaita mara moja, ikakatika. Hakuishika. Nilimuuliza ni nani. "Bipu moja, wamepata perege," akasema. "Zingekuwa mbili, ningeendelea kukaa." Hakuna senti iliyokatwa, hakuna herufi iliyotumwa. Alishajifunga kanga, ameinua beseni, anateremka ziwani.