Bosi akitoka, nani anabaki kazini?

Muulize dere yeyote wa matatu jijini Nairobi bosi wake yuko wapi saa hii. Hajui. Pengine mwenye gari yuko ofisini Upper Hill, pengine ni mwalimu Murang'a, pengine yuko Qatar akitafuta riziki na gari alilinunua kwa mkopo. Dere anajua kitu kimoja tu: usiku ukifika, pesa za bosi ziingie M-Pesa zikiwa kamili.

Huwa nawaza kuhusu matatu kila nikisikia watu wakizungumzia uongozi. Semina zenyewe hufanyika hotelini, chai na mandazi, na mifano yote ni Apple hivi, Google vile. Na hapa nje kuna biashara inayopambana kila siku na swali gumu kuliko yote: utamfanyaje mtu akufanyie kazi vizuri na wewe humwoni?

Swali si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1930, mwanasaikolojia Kurt Lewin, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alilijaribu na wenzake kwa watoto huko Iowa, Marekani. Waliunda vilabu vya wavulana wa miaka 10 hivi, wakawapa kazi za mikono, kisha wakawapelekea viongozi wa aina tofauti. Mmoja alikuwa wa amri: fanya hivi, usiulize. Mwingine aliketi na watoto wakapanga pamoja. Wa tatu aliwaacha wajipange watakavyo. Chini ya yule wa amri, kazi ilisonga sana. Shida ni kwamba akitoka chumbani, kazi ilianguka. Kwa yule wa kupanga pamoja, watoto waliendelea hata akiwa nje. Kwa wa tatu, mambo yalikuwa ovyo tu. (Haya nilifundishwa mwaka wa kwanza chuoni, kabla karo haijaniambia kwaheri.)

Sasa fikiria mwenye matatu. Huyu ni bosi ambaye ametoka chumbani siku zote. Hawezi kuketi kiti cha mbele kutoka alfajiri hadi saa nne usiku akihesabu abiria. Kwa hivyo dawa yake ni tageti: niletee kiasi hiki kila siku, mengine hayanihusu.

Tuseme tageti ni Sh8,000. Kabla dere na makanga hawajala chochote, lazima watoe hiyo, wajaze mafuta, walipe watu wa steji na, tusidanganyane, wawe na kitu cha kumkunjia afisa barabarani. Kinachobaki ndicho chao. Kwa karatasi, huu ni motisha safi kabisa. Ukijituma, unakula. Ukizembea, unalala njaa.

Lakini njoo saa kumi na mbili jioni, mvua imenyesha, Jogoo Road imesimama na bado kuna Sh3,000 za kutafutwa. Dere anapanda kando ya barabara wanakopita watu wa miguu. Anaingia upande wa pili dhidi ya magari yanayokuja. Anabeba watu wa kusimama, na wewe uko ndani umeshikilia kiti ukimkumbuka Mungu. Si ati alizaliwa mkorofi. Springi ikivunjika, bill ni ya mwenye gari. Akiendesha kwa ustaarabu na gari likadumu miaka mingi, faida pia ni ya mwenye gari. Yeye ana leo peke yake.

Na siku ikiwa nzuri je? Hapo bosi anapigiwa simu: "Leo kulikuwa kubaya, mkubwa." Bosi haamini, kwa sababu hata jana aliambiwa hivyo. Anakaza kamba, na dere naye anaendesha vibaya zaidi ndiyo afikie. Mwaka 1960 Mmarekani Douglas McGregor aliandika kitabu kizima kuhusu mabosi wanaodhani mfanyakazi ni mvivu kwa asili. Hoja yake ilikuwa kwamba ukimchukulia mtu hivyo, ndivyo atakavyokujibu. Sidhani aliwahi kupanda matatu, lakini alituelewa.

Sasa kuna utafiti ulionishangaza. Mwanauchumi Erin Kelley na wenzake walifunga vifaa vya kufuatilia mwendo kwenye matatu 255 hapa Nairobi, kisha baadhi ya wenye magari wakapewa programu ya simu ya kuona gari liko wapi, limezunguka kiasi gani na linaendeshwa vipi. Ungedhani bosi akipata macho atageuka nyapara. Badala yake, walioona data walishusha tageti kidogo. Madereva nao walifanya kazi saa nyingi zaidi, wakaacha kulipitisha gari mahali pa kulivunja, gharama za kulitengeneza zikapungua na faida ikapanda. Bosi alipoona jam kwa macho yake, ile "leo kulikuwa kubaya" ikawa habari badala ya uongo.

Lakini usikimbilie kushangilia teknolojia. Usalama wa abiria haukuboreka kwa sababu tu bosi anaona mwendo wa gari. Kilichobadilisha mambo ni dere mwenyewe kulipwa pesa kidogo kwa kuendesha salama. Yaani kila mtu alipata alichokuwa anakilipia.

Kuna bosi wa aina nyingine, na huyu nimemfanyia kazi. Duka la nguo katikati ya jiji. Alikuwa mtu poa sana, hakuwahi kufoka. "Hapa sisi ni familia," angesema, na kila Ijumaa pizza ilikuja. Mshahara ulikuja tarehe 17, mwezi mwingine tarehe 23. Tulimpenda kwa kweli, na tulikuwa tunatafuta kazi kwingine tukitumia Wi-Fi yake. Frederick Herzberg alieleza jambo hili mwaka 1959: mshahara peke yake haukufanyi uipende kazi, ila ukikosekana, hakuna sifa wala pizza itakayoziba hilo pengo.

Ndiyo maana kanuni za NTSA za 2014 zilitaka wahudumu wa matatu wawe na mikataba na mshahara wa mwezi. Miaka imepita, na tageti bado inatawala barabara nyingi. Rahisi kuwalaumu wenye magari, lakini makanga mmoja wa laini ya Kayole aliniambia hata yeye hautaki mshahara. Siku ya mvua nauli hupanda, na mwisho wa mwezi anaweza kutengeneza pesa ambayo hakuna bosi atamwandikia kwenye mkataba. Halafu Jumanne ya tarehe 20 anarudi nyumbani na mia mbili.

Nikamuuliza angependa bosi wake abadilishe nini. Alifikiria kidogo akigonga mlango kwa sarafu. "Apande hii gari siku moja tu, jioni ya mvua. Akae pale nyuma, asiseme yeye ni nani. Akishuka ndio atupatie tageti."