Kuhe na Makinda Yake: Kwa Nini Ziwa Tanganyika Lilipumzishwa

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Kwa familia ya Kasanga inayoishi kwa mtumbwi na karabai, miezi mitatu si muda mfupi. Ni haki basi waumini, walioko ziwani na walioko juu huku Ufipa, tufahamu ni nini hasa kilichokusudiwa kulindwa.

Tumtazame kuhe. Ni wa jamii moja na perege na sato, naye ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa jamii hiyo ulimwenguni, wala hapatikani penginepo ila katika ziwa hili. (Wengi wetu twamjua akiwa sahanini tu.) Wakati wa kuzaa ukifika, dume na jike huondoka kilindini, wakaja karibu na ufuko. Jike hutaga mayai maelfu kwa maelfu, kisha wote wawili hukaa kuyalinda. Yakianguliwa, huandamana na makinda yao wakiwafukuza samaki wengine wanaotaka kuwala, na muda wote huo wazazi hawali kitu. Mafuta ya mwili huwaishia, nao hukonda. Wataalamu wengi wanaona kwamba kuhe huzaa mara moja tu katika maisha yake, kisha hufa.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo. Kuhe akivuliwa kabla ya kutaga, haachi mzao hata mmoja. Akivuliwa akiwa mlinzi, makinda huliwa karibu yote. Nalo kokoro, ambalo sheria inalikataza, hukokotwa palepale ufukoni alipo na watoto wake. Chandarua hakibakizi hata wale wadogo kabisa.

Dagaa ni habari nyingine. Hao hukua upesi na huanza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka, hivyo hata mapumziko mafupi yaweza kuwafaa. Kwa kuhe, kwa maoni yetu, miezi mitatu haitoshi ikiwa makokoro yatarudi majini siku ya nne baada ya ziwa kufunguliwa.

Tena ziwa si letu peke yetu. Tunalishiriki na Kongo, Burundi na Zambia, na kutoka Kasanga mpaka wa Zambia hauko mbali. Ndiyo maana nchi hizo nne zilitia saini mkataba jijini Dar es Salaam mwaka 2003, wa kulitunza ziwa kwa pamoja.

Limebaki swali ambalo wavuvi wana haki ya kuliuliza, nasi tunaliuliza pamoja nao: ziwa linapofungwa, watoto wao wale nini? Mwenye shamba la mahindi au mihogo huweza kuvumilia. Asiye nalo ndiye anayeshawishika kutupa wavu usiku, na huyo ndiye jumuiya ndogondogo inayemfahamu kwa jina.