Hekima ya Watao (2): Nyenze Alipomcheka Peng

Wiki iliyopita tuliishia kwa Laozi, mhenga wa Watao, aliyeona kwamba mwanafunzi duni akisikia habari za Tao, yaani Njia, huangua kicheko, na kwamba asipocheka basi hiyo si Tao. Zhuangzi, mwanafalsafa wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwenda mbali zaidi: alieleza kicheko hicho kinatoka wapi.

Kitabu chake kinaanza na kisa cha Peng, ndege wa ajabu anayepaa li 90,000 kabla ya kushika njia ya kusini. Li moja ni takriban nusu kilomita. Nyenze na njiwa mdogo wanamcheka: wao hurukia mti wa karibu, na wasipoufikia hutua chini; safari ndefu hivyo ya nini? Zhuangzi anawajibu. Anasema kwamba aendaye viungani hurudi siku hiyohiyo angali ameshiba, ilhali msafiri wa li 1,000 hukusanya chakula kwa miezi mitatu. Nyenze anaipima safari ya mwenzake kwa masurufu yake mwenyewe. Hata hivyo Peng naye hapai kwa ubishi. Bila upepo mzito chini ya mbawa, hatoki chini.

Kisa mashuhuri zaidi kimo katika Liezi, kitabu kingine cha Watao. Yu Gong, mzee wa karibu miaka 90, alichoshwa na milima ya Taihang na Wangwu iliyomzibia njia. Akaanza kuichimba pamoja na wanawe na wajukuu, na udongo wakaenda kuutupa katika bahari ya Bohai. Mtoto wa jirani yao mjane, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto, akaja mbio kusaidia. Mzee mmoja aliyesifika kwa werevu akawacheka. Yu Gong akamjibu kwamba yeye atakufa, lakini uzao wake hautakoma, na mlima hauongezeki. Mwerevu akakosa la kusema. Mwishowe mungu wa mbinguni akaamuru milima ihamishwe.

Tarehe 11 Juni 1945, huko Yan'an, Mao Zedong alikisimulia kisa hicho mbele ya wajumbe wa chama chake cha Kikomunisti, ila nafasi ya mungu akaupa umma wa Wachina.

Mwaka 1960 wakulima wa wilaya ya Linxian, mkoani Henan, waliingia katika Taihang yenyewe. Eneo lao lilikuwa kame, na nchi ilikuwa katika njaa kali. Kwa nyundo, patasi na baruti walichonga mfereji katika magenge kuleta maji ya Mto Zhang. Mfereji mkuu una urefu wa kilomita 70 hivi. Kazi yote ilikamilika mwaka 1969, na watu 81 walipoteza maisha.

Mlima haukuhama, maji yalipitishwa ubavuni mwake. Basi mwenye nia kubwa asihangaike kumnyamazisha anayemcheka. Ajiulize kwanza, kwa kipimo cha Zhuangzi: masurufu yake yanatosha safari ya umbali gani?

Wiki ijayo: Watao na kazi isiyolazimishwa.