Vielezi vya Kiingereza vya Mshazari na Mzunguko: Nafasi ya Kiswahili katika Ufafanuzi Wake Mtaani Jabe, Bujumbura

1.0 Utangulizi

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 Kiingereza kiliongezwa kisheria kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Katika Jabe, mtaa wa Bujumbura ulio jirani na Bwiza na Buyenzi, Kiswahili ni lugha ya kila siku ya biashara na ujirani. Hata hivyo, mwanafunzi wa mtaa huo mara nyingi hukifikia Kiingereza kupitia Kifaransa, lugha ambayo kwa muda mrefu imekuwa ya kufundishia. Makala haya yanafafanua vielezi vya Kiingereza vinavyoeleza mwelekeo usio mnyoofu, na kuonyesha kuwa Kiswahili hutoa njia iliyo wazi zaidi ya kuvitofautisha.

2.0 Mgawanyo wa Maana

Kwa kawaida vielezi hivyo havibadilishani nafasi. "Askew" huhusu kitu kilichokaa vibaya: picha imening'inia benibeni. "Awry" huhusu matokeo: mpango umekwenda mrama. "Askance" huambatana na kitenzi cha kutazama na hubeba shaka: kumtazama mtu kwa jicho la shaka. "Sideways" hutaja upande tu. Kaa hutembea hivyo bila kumshuku yeyote. "Obliquely" hutumika kwa mstari au mwanga uendao kimshazari, na pia kwa usemi wa mafumbo. "Indirectly" humaanisha kupitia kati, yaani jambo hufikiwa kwa kutumia mtu au kitu kingine.

Kifaransa hukusanya matatu ya kwanza katika kirai kimoja, "de travers": kofia huvaliwa hivyo, mambo huenda hivyo, na mtu hutazamwa hivyo. Mwanafunzi anayetegemea kirai hicho peke yake hana kinachomwonya asiandike "askance" palipohitaji "awry". Kiswahili kina benibeni, mrama na jicho la shaka. Mrama, neno la mabaharia kwa kuyumba kwa chombo, limehamia kwenye mambo yaliyoharibika, nalo huambatana na kitenzi "kwenda" kama "awry" inavyoambatana na "go".

Umbo nalo lina mfanano. "Askew", "awry" na "askance" hazichukui kiambishi "-ly", kama vile benibeni na mrama zisivyohitaji "ki-". "Obliquely" hupata "-ly", na kimshazari hupata "ki-".

3.0 Athari kwa Sera na Tafsiri

Tofauti hizi huvuka mipaka ya darasa. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya, katika matini yake ya awali, ilikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na kutaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Matini za sheria za Kiingereza hutumia mara kwa mara fungu la "directly or indirectly". Sheria ikimkataza ofisa kunufaika na zabuni "indirectly", inamzuia kupitia ndugu au kampuni nyingine. Mfasiri akiandika "kwa mafumbo", katazo linageuka kuwa la maneno, na mlango wa ufisadi unabaki wazi. Tafsiri salama ni "moja kwa moja au kupitia kwa mwingine". Kinyume chake, mwanadiplomasia aliyegusia mgogoro "obliquely" hakutumia mjumbe. Alisema mwenyewe, ila kwa kuzunguka.

4.0 Hitimisho

Kiswahili cha Jabe ni nyenzo ya kujifunzia Kiingereza ambayo wanafunzi tayari wanayo. Inapendekezwa kwamba watunga mitaala wavifundishe vielezi hivi pamoja na vitenzi vinavyoandamana navyo, kwa visawe vya Kiswahili. Na kwamba kamusi za lugha mbili zitenganishe matumizi ya mahali, ya jicho, ya usemi na ya matokeo, badala ya kuyafunga yote katika fasili moja ya "isivyo moja kwa moja".