Bando au faiba: Ni nani anayelipia somo la mwalimu?

Mjadala kuhusu njia bora ya kupata intaneti, ile ya simu inayonunuliwa kwa bando au ile ya waya wa faiba inayolipiwa kila mwezi, aghalabu huendeshwa kana kwamba ni suala la kasi peke yake. Mwenye faiba hujivunia kasi, naye mwenye bando hujibu kuwa intaneti yake humfuata hata ndani ya matatu. Kwa maoni yangu, tofauti inayomgusa mwalimu na mwanafunzi imo katika kipimo. Bando hutozwa kwa kiasi, ilhali faiba hutozwa kwa muda.

Na tufanye hesabu. Video ya ubora wa wastani huhitaji takribani megabiti 2 kwa sekunde. Ikumbukwe kuwa megabiti na megabaiti ni vitu viwili, ingawa matangazo ya biashara hayajishughulishi kutueleza hivyo: biti 8 ndizo zinazofanya baiti 1. Kwa hivyo mhadhara wa saa 1 una megabaiti 900. Mwanafunzi mwenye masomo 5, kila somo likiwa na mhadhara mmoja kwa juma, atatumia gigabaiti 63 katika muhula wa majuma 14. Mihadhara iyo hiyo ikirekodiwa kwa sauti tupu, kwa kiwango cha kilobiti 32 kwa sekunde ambacho chatosha kwa usemi wa binadamu, kila mmoja utakuwa na megabaiti 14 na ushei, na yote 70 itakuwa kama gigabaiti 1 hivi. Mwanafunzi wa faiba haioni tofauti hiyo. Yule wa bando huiona kila asubuhi, anapopima kama shilingi alizo nazo zitanunua megabaiti au chapati.

Wahadhiri wengi huandalia masomo yao ofisini, katika vyuo vilivyounganishwa na KENET, mtandao wa taasisi za elimu ulioanzishwa mwaka 1999, au nyumbani kwenye faiba. Huko hakuna mita inayohesabu. Mtu hupiga picha kurasa 20 za kitabu kwa simu yake, kila picha ikiwa na megabaiti kadhaa, akazituma kwa darasa zima, ilhali maandishi hayo yangechapwa yasingefika megabaiti 1. Desturi hii ilishamiri shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na haijatutoka.

Lipo pia jambo ambalo hesabu hailionyeshi. Anayelipia kiasi husoma alichoagizwa, akafunga simu. Hafungui makala ya pili kuona kama mwandishi wa kwanza alisema kweli, wala hasikilizi lahaja ya Lamu kwa udadisi tu. Nimeliona jambo hili katika tasnifu ninazosimamia: marejeleo ni machache, na mengi ni yale yale niliyoyataja darasani. Siwezi kumwita mvivu mtu ambaye kila ukurasa anaoufungua unampunguzia nauli.

Je, mwanafunzi achague ipi? Anayeishi peke yake, anayehamahama na kurudi kwao kila likizo, bando linamfaa, kwa kuwa faiba huendelea kudai malipo hata nyumba ikiwa tupu. Hali hubadilika wakiwa kadhaa. Tuchukue mfano wa faiba ya shilingi 3,000 kwa mwezi katika nyumba ya kupanga kule Juja au Kahawa Wendani. Wanne wakichanga, kila mmoja atatoa shilingi 750, yaani shilingi 25 kwa siku. Jirani yao anayenunua bando la shilingi 50 kila siku atakuwa ametumia 1,500 mwezi ukiisha. Anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi, kama ilivyo kwa sukari na mafuta ya taa. Kikwazo ni kuzipata hizo 3,000 kwa pamoja, na kumpata mwenye nyumba anayekubali waya uingie.

Neno moja katika matangazo hunikera, nalo ni "bila kikomo". Katika isimu tungesema maana yake imefinywa. Baadhi ya mikataba ya faiba ina kifungu kuwa mteja akivuka kiwango fulani katika mwezi, kasi yake itapunguzwa. Hicho ni kikomo, na mwalimu wa lugha awafundishe wanafunzi kusoma mkataba hadi mstari wa mwisho.

Faiba nayo ina udhaifu wake. Ruta hutegemea umeme wa nyumbani, na nchi nzima ilipoingia gizani usiku wa Agosti 25, 2023, faiba pekee haikumsaidia mtu asiye na betri ya akiba. Minara ya simu mara nyingi huwa na betri au jenereta. Hata hivyo, mnara mmoja hugawana uwezo wake kwa watu wote walio karibu nao, na ndiyo maana bando katika mtaa wa mabweni hukokota miguu ifikapo saa mbili usiku. Aliye mbali na miji hana uchaguzi huu hata kidogo. Kwake ni simu, au satelaiti kama ile ya Starlink iliyoingia Kenya mwaka 2023, kwa anayeimudu.

Nyaya za Seacom na EASSy zilipokatika chini ya bahari Mei 12, 2024, wa bando na wa faiba waliteseka pamoja, kwani wote huteka maji katika visima vile vile.

Ningependa kila idara iandike uzito wa faili kando ya jina lake katika jukwaa la masomo, ili mwanafunzi ajue bei kabla ya kubonyeza. Mihadhara yangu naitoa kwa sauti. Ile ya fonetiki, ambamo sikio sharti litofautishe th na dh, naipandisha hadi kilobiti 64, yaani kama megabaiti 29 kwa saa. Video zimo maktabani, ambako waifai hailipiwi.