Nguzo za Umeme Zikipita Shambani

Sisi wauguzi tuliowahi kuzalisha kwa mwanga wa kandili tunaijua baraka ya umeme. Lakini ndani ya mkuza wa njia kuu ya umeme hairuhusiwi nyumba wala miti mirefu. Basi, akina mama, inapopangwa kukatiza mashamba yetu, tusibaki jikoni mabwana wakienda mkutanoni peke yao. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na yataka fidia kamili, ya haki, ilipwe upesi. Mthamini akija, tumwonyeshe kila mti, kisima na kaburi. Fomu tuisome wote wawili kabla ya sahihi. Binti za Selofehadi walidai urithi mbele ya Musa, naye Mungu akawakubalia. Nasi tuseme, kwa upole.