Mabegi mgongoni hadi Pangani: Baba alikataa, bibi akaruhusu

WASICHANA watatu, mmoja wa Handeni na wawili wa Korogwe, walimaliza mtihani wa kidato cha sita wakiwa na siku chache tu kabla ya kuripoti JKT. Walitaka kutembea pamoja kabla kila mmoja hajapelekwa kambi yake. Hawakuchagua Dar es Salaam wala Zanzibar. Walichagua Pangani, mji ambao mto unaopita Korogwe unakwenda kuishia baharini, na ambao hakuna kati yao aliyewahi kuuona.

Baba wa yule wa Handeni alikataa kata kata.

“Mtoto wa kike na begi mgongoni kama mzungu, unakwenda kutafuta nini huko?” alimuuliza.

Mama alimwombea binti, baba akakataa tena. Na hofu yake si ya kubezwa. Mzazi aliyemlea binti miaka 19 anajua barabara ina mambo yake, na simu yenyewe huisha chaji pale pale inapohitajika.

Aliyegeuza mambo ni bibi, mama mzazi wa baba. Alimwita mwanawe barazani akamwambia kwamba wazee wa Kizigua walishuka pwani bila kurudi, basi wacha huyu ashuke na arudi. Baba akalegeza, kwa masharti: wasafiri mchana tu, wapige simu kila jioni, na walale kwa shangazi wa mmoja wao, si gesti.

Maneno ya bibi yana historia nzito. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliikumba nchi ya Wazigua. Masimulizi yanasema wengi walidanganywa na wafanyabiashara kwamba wangepata kazi na chakula ng’ambo, wakapandishwa majahazini, kisha wakauzwa utumwani pwani ya Somalia. Vizazi vyao viliishi kando ya mto Juba na kukiweka hai Kizigua. Vita vya Somalia vilipowafukuza, baadhi yao walirudi Tanzania wakiwa wakimbizi na kupewa makazi Chogo, hukohuko Handeni, na wako waliopata uraia. Binti alikuwa akiwaona watu wa Chogo tangu utotoni. Hakuwahi kuuliza walifikaje.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilometa 65. Hapo akawakuta wenzake, wakapita Segera, Muheza wakabadili gari. Saa kumi jioni walikuwa kwenye ukingo wa mto, wanatazama kivuko kikivuka kwenda Bweni.

Pangani ni mji mdogo, unauzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Lakini kila ukuta una jambo. Lipo boma la zamani lenye milango ya nakshi, na magofu ya jengo ambalo watumwa walifungiwa wakisubiri majahazi. Hapo msichana wa Handeni alisimama muda mrefu, wenzake wakamwacha.

Hapa ndipo mwaka 1888 Emil von Zelewski, ofisa wa kampuni ya Wajerumani aliyezaliwa sehemu ambayo leo ni Poland, alipoidharau bendera ya Sultani na kuwasha vita vya Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa hapahapa Pangani Desemba 1889. Zelewski naye hakufika mbali: Wahehe walimuua Lugalo mwaka 1891.

Wale wa Korogwe walivutiwa zaidi na Kikogwe, kusini mwa mto. Mwaka 1893 Dk Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapona 62 tu, ikapandwa huko. Babu wa mmoja wao alikata mkonge Ngombezi hadi vidole vikapinda. Kumbe yote yalianza na miche 62.

Siku ya pili uliingia ubaridi kati yao. Mmoja alikataa chakula cha mchana akisema amefunga. Jioni shangazi alimkuta jikoni anakula kiporo kwa pupa. Ukweli ukatoka: nauli ilikuwa imemaliza karibu pesa yake yote, na aliona aibu kusema. Mwenzake alikasirika, si kwa sababu ya pesa bali kwa kudanganywa.

“Miaka miwili tumelala bweni moja, leo unanificha njaa?”

Walinuniana hadi usiku. Shangazi, ambaye ana uzoefu wa ndugu na pesa, aliwaambia watoe walichobaki nacho wakiweke kwenye kopo moja. Hesabu haikutosha boti ya kwenda kisiwa cha Maziwe, ambacho siku hizi ni fungu la mchanga linalomezwa maji yakijaa. Wakakifuta kwenye ratiba. Ilitosha nauli, samaki wa kukaanga na nazi mbili za kupeleka nyumbani.

Handeni, baba aliipokea ile nazi, akauliza kama kivuko kilikuwa salama, na mengine hakuuliza. Bibi ndiye aliyemkalisha mjukuu hadi usiku, akitaka kujua jengo lile lina madirisha mangapi na kama bahari inaonekana ukiwa ndani. Kisha akasema Jumamosi wakipata gari waende Chogo, kuna mzee anataka kumsalimia.